Maradhi Yasiyouma: Mhadhara juu ya Dalili za Mapema



Nimeombwa nizungumze juu ya dalili za mapema za maradhi makubwa. Ningeweza kuwasomea orodha ya magonjwa, kila moja na dalili zake, nanyi mkaandika. Orodha kama hizo zimebandikwa kwenye kuta za zahanati zetu miaka mingi, na bado wagonjwa wanafika wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo leo nitatetea hoja moja. Wengi wetu tunaamua kwenda hospitali kwa kipimo cha maumivu, na kipimo hicho kinatudanganya. Maradhi mengi yanayotuua na kutulemaza huanza bila kuuma. Anayengoja maumivu ndipo aende kupimwa, mara nyingi amekwisha kuchelewa.

Tuna methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini inamtwika mgonjwa lawama isiyomstahili kila mara. Wengi niliowaona wakifika na ugonjwa uliokomaa hawakuficha kitu. Ukimuuliza mama kwa nini alikaa na uvimbe miezi minane, anakujibu bila kusita: "Daktari, ulikuwa hauniumi." Kwake hilo ni jibu kamili. Kazi yetu jioni hii ni kuonyesha kwamba halitoshi.

Mlinzi wa mlango mmoja

Maumivu ni mlinzi mwema, ila analinda mlango mmoja tu. Ukikanyaga mwiba, ukiungua, ukivunjika mfupa, jino likioza, atapiga kelele mpaka uamke. Ngozi, meno na mifupa vina mishipa mingi ya fahamu inayobeba maumivu. Viungo vingine havina ulinzi huo. Nyama ya ubongo yenyewe haina vipokezi vya maumivu. Ini linaweza kuharibika ndani kwa ndani muda mrefu, kwa sababu kinachouma ni gamba lake linapovutwa. Mlango wa kizazi hauhisi sana hata ukiguswa na chombo cha tabibu. Mishipa ya damu inaweza kubeba msukumo mkubwa kupita kiasi mwaka baada ya mwaka, na mwenye mwili akala, akalala na akafanya kazi kama kawaida.

Maana yake ni kwamba kutokuumwa hakuthibitishi uzima. Tunahitaji vipimo, na tunahitaji macho yaliyofunzwa kutazama mabadiliko yasiyouma.

Presha na saa za kiharusi

Nianze na ugonjwa ulio kimya kuliko yote, shinikizo la juu la damu. Watu wengi huamini kwamba presha ikipanda utajua: kichwa kitagonga, moyo utaenda mbio, utaona kizunguzungu. Wachache hupata hayo. Wengi hawapati lolote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Vipimo vikirudiwa siku tofauti na bado vikasoma 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha, hata kama mwenyewe anajisikia kama kijana wa miaka ishirini.

Kosa la pili huja baada ya kupimwa. Mgonjwa anapewa vidonge, vipimo vinashuka, naye anasema, "Nimepona," anaacha dawa. Hajapona. Dawa ya presha inaishikilia. Ukiiachia, inapanda tena kimyakimya, na inaendelea kuumiza ubongo, moyo, figo na macho. Katika wodi za kusafisha damu wamo watu ambao habari ya kwanza ya presha yao waliipata siku walipoambiwa kwamba figo zimeshindwa kazi.

Mwisho wa njia hiyo mara nyingi ni kiharusi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanyika utafiti wa kuhesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika maeneo mawili ya Tanzania: Hai, mkoani Kilimanjaro, na sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri wa watu, Hai ilipata wagonjwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam takriban 316. Huo wa Dar es Salaam ni mzigo mkubwa kwa kiwango chochote cha dunia.

Kiharusi chenyewe aghalabu hakiumi. Damu inapoziba njia, sehemu ya ubongo inaanza kufa, na mtu hahisi kuchomwa wala kukatwa. Anashangaa kikombe kimemponyoka. Anataka kusema neno, linatoka jingine. Kwa kuwa hakuna maumivu wala jeraha, na kwa kuwa jambo limetokea ghafla, pwani yetu wengi husema kapigwa na jini au kapitiwa na upepo mbaya. Siwakejeli wanaosema hivyo. Ninaomba jambo moja: mpelekeni hospitali kwanza, na dua muisome njiani. Dua haipingani na gari la wagonjwa.

Mkimwona mtu amebadilika ghafla, fanyeni mambo matatu. Mwambieni atabasamu, mtazame kama upande mmoja wa mdomo umelegea. Mwambieni anyooshe mikono yote miwili mbele na kufumba macho, mtazame kama mmoja unashuka. Mwambieni arudie sentensi fupi, msikilize kama maneno yanaburuzika au yamechanganyika. Moja tu likionekana, tazameni saa, muandike wakati dalili zilipoanza, kisha muondoke. Msimpe maji wala chakula, maana koo nalo huenda limepooza na kinaweza kuingia mapafuni. Msimpe aspirini nyumbani, maana kiharusi kingine ni mshipa uliopasuka, na bila picha ya ubongo hakuna anayeweza kutofautisha. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza. Ndiyo maana daktari wa kwanza atakayempokea atawauliza saa.

Na dalili zikiisha baada ya dakika kumi, mkono ukarudi, ulimi ukafunguka, msirudi nyumbani kushukuru. Hicho ni kiharusi kidogo kinachoweza kutangulia kikubwa, na siku mbili za kwanza baada yake ni za hatari kubwa.

Saratani kabla haijauma

Saratani nayo imezungukwa na imani ya maumivu. Mwanamke akigusa uvimbe titini unaouma, atakimbilia hospitali siku hiyo hiyo; ukiwa mgumu, umetulia na hauumi, atausubiri. Ukweli umeelekea upande wa pili. Uvimbe wa saratani ya titi, mwanzoni, kwa kawaida hauumi. Tazameni pia ngozi ya titi iliyobonyea au iliyo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ambayo zamani haikuwa hivyo, chuchu inayotoa damu, tezi kwapani. Wanaume nao hupata saratani ya titi, ingawa ni wachache. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini vidole havitoshi kuamua. Anayeamua ni mtaalamu anayetazama kipande cha nyama kwenye hadubini.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ndiyo inayoniumiza zaidi kwa sababu ina nafasi ndefu kuliko zote ya kuzuiwa. Inasababishwa na kirusi cha papiloma. Mwanasayansi wa Ujerumani aliyelithibitisha hilo, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Tangu kirusi king'ang'anie mpaka saratani ijengeke hupita miaka kumi, kumi na tano, wakati mwingine ishirini. Muda wote huo mwanamke haumwi. Damu inapoanza kutoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma, ugonjwa umeshapiga hatua. Akija baada ya hapo, maumivu ya nyonga na kiuno yameanza, na safari ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road inakuwa ya kutafuta nafuu.

Wengi hawajui jinsi kipimo chake kilivyo rahisi, kwa hiyo nitakieleza wazi, hata mbele ya wazee. Mama anaingia katika chumba chenye pazia, analala kitandani. Muuguzi anaingiza kifaa kama kile cha uchunguzi wa uzazi, anaangaza taa, na anapaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi. Anangoja dakika moja. Nyama nzima hubaki na rangi yake ya waridi. Sehemu iliyoanza kubadilika huwa nyeupe. Inaonekana kwa macho, pale pale. Ikiwa ni ndogo na haijawa saratani, mara nyingi inaweza kugandishwa au kuchomwa kwa joto siku hiyo hiyo, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kipimo hiki kinawafaa wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na VVU wanapaswa kuanza mapema zaidi. Kwa mabinti ipo chanjo: Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Mzazi anayemnyima binti yake chanjo hiyo kwa uvumi wa mitaani anamnyima kinga ambayo mama yake hakuipata.

Ipo saratani nyingine inayotuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki, ya umio, ile njia ya kupitisha chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia kupita Kenya na Tanzania hadi Malawi ni kati ya maeneo yenye ugonjwa huu kwa wingi duniani, na katika hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet nchini Kenya, madaktari wamekuwa wakiwawekea wagonjwa mirija ili waweze tu kumeza. Kinachozidisha hatari ni tumbaku, pombe, na pia vinywaji vya moto mno: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Acheni chai ipoe kidogo.

Dalili yake huonekana mezani, na mara nyingi anayeiona kwanza ni mpishi wa nyumba. Baba alikuwa akila nyama. Sasa anaisukuma pembeni ya sahani. Anamega ugali vitonge vidogo kuliko zamani, na kila kitonge anakisindikiza na maji. Wiki chache baadaye anasema ugali umemchosha, afadhali wali mlaini wenye mchuzi. Kisha ndizi za kuponda. Kisha uji. Ukimuuliza, anasema tumbo limejaa gesi, au meno yamechoka. Haumwi. Suruali ndiyo inayosema kweli, maana mkanda umesogezwa tundu la tatu. Mtu anayeshuka ngazi hii, kutoka kigumu kwenda laini, kutoka laini kwenda majimaji, anahitaji kuchunguzwa umio kwa kamera. Asipewe tena dawa ya vidonda vya tumbo kwa kukisia.

Watoto hawajui kueleza

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka uliofuata aliandika juu ya saratani hiyo, ambayo sasa ina jina lake, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali wapi inaonekana. Waligundua kwamba inafuata maeneo ya joto na mvua, yale yale ya malaria kali. Ni uvimbe wa kasi kubwa: unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Uzuri ni kwamba dawa zinaumudu vizuri ukiwahiwa. Mzazi akiona meno ya mtoto yanalegea kabla ya wakati wake na shavu linavimba, asimpeleke kung'olewa jino kisha akangoja. Ampeleke hospitali kubwa wiki hiyo.

Dalili nyingine ni ya jicho. Mboni ya mtoto ni nyeusi. Ukiona weupe ndani yake, gizani au kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga, kama jicho la paka linavyong'aa usiku, au ukiona makengeza yaliyoanza ghafla, mtoto huyo aonwe na daktari wa macho mara moja. Inaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Haiumi mwanzoni. Ikiwahiwa, mtoto huishi.

Na mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayekunywa maji bila kutosheka, anayekonda huku anakula, apimwe sukari kwenye damu. Wapo watoto wenye kisukari waliotibiwa malaria kwa sababu walikuja wakitapika, wamelegea, wanahema kwa nguvu. Tone moja la damu ya kidole lingesema ukweli. Insulini, dawa ya kisukari, ilianza kuokoa watu mwaka 1922, na hakuna sababu mtoto afe kwa kukosa kupimwa.

Dalili tulizozizoea

Kuna dalili tunazoziona kila siku, ila tumezizoea mpaka hatuzioni. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, na katika mikoa ya kusini mwa Ziwa Victoria, vizazi vya wavulana vimekua vikikojoa damu mwishoni mwa mkojo na kudhani ni sehemu ya kukua. Hicho ni kichocho. Dawa yake ipo, na hugawiwa mashuleni. Kikiachwa miaka mingi kinaharibu kibofu na kinaweza kuleta saratani yake. Kwa mtu mzima, damu kwenye mkojo hata mara moja, hata bila maumivu, haina tafsiri ya kawaida.

Kikohozi nacho tumekizoea. Mtu anakohoa, ananunua dawa ya maji, anakohoa, anabadilisha dawa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa kikiambatana na homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kukonda, kinadai makohozi yapimwe kifua kikuu. Mashine za kisasa hutoa jibu ndani ya saa mbili. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wamefunzwa kunusa makohozi, na mmoja hupitia sampuli mia moja kwa takriban dakika ishirini. Matibabu ya kifua kikuu ni bure katika hospitali za serikali. Kinachokosekana ni mtu kwenda.

Na watu wazima wenye kiu isiyokwisha, mkojo wa mara kwa mara usiku, sisimizi wanaokusanyika pale walipokojoa: wazee wetu waliijua dalili hii kabla ya maabara. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kipimo kikarudiwa, hicho ni kisukari. Kikikaa muda mrefu kinaua mishipa ya fahamu ya miguu. Hapo hata yule mlinzi wa mlango mmoja anatoroka: mgonjwa anatembea na msumari ndani ya kiatu asijue. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni kwa macho, maana mguu hautamwambia.

Wajibu wetu sisi wa koti jeupe

Nitakuwa mkosefu wa haki nikimaliza bila kusema na wenzangu. Wagonjwa wengine hawakuchelewa. Sisi ndio tuliowachelewesha. Walikuja mapema, tukawapa dawa ya malaria bila kupima, dawa ya vidonda vya tumbo bila kutazama, antibiotiki kwa kikohozi cha mwezi mzima. Naomba tushike kanuni moja: mgonjwa akirudi mara ya pili na tatizo lile lile, asitoke na dawa ile ile. Atoke na kipimo, au na barua ya rufaa. Mwenye duka la dawa aifuate kanuni hii pia. Na mama anapokuja na uvimbe usiouma, asiambiwe, "Huu si kitu," na mtu aliyeutazama kwa nusu dakika.

Najua gharama zinawatisha watu. Nauli, siku ya kazi iliyopotea, bei ya vipimo, yote ni mzigo wa kweli. Lakini siki ni rahisi kuliko mionzi, vidonge vya presha ni rahisi kuliko kusafisha damu maisha yote, na familia nyingi zimeuza shamba kulipia ugonjwa ambao mwanzoni ungetibiwa kwa bei ya kuku wachache.

Kwa hiyo nawaachia kanuni ya kukumbuka badala ya orodha. Jambo lolote mwilini lililo jipya, lisiloondoka, na lisilo na sababu unayoijua, lipelekwe kwa mtaalamu, liume lisiume. Uvimbe, usiupe muda. Damu mahali au wakati usio wake, usiipe muda. Kikohozi, wiki mbili. Kidonda cha mdomoni au cha ngozi kisichopona, wiki tatu. Kulegea kwa uso, mkono au ulimi, dakika hiyo hiyo.

Kesho kila mtu mzima aliyeketi hapa aende akapimwe presha, na aliyevuka miaka arobaini apimwe na sukari. Kina mama wa miaka 30 hadi 50 waulize siku ya kipimo cha siki katika kituo chao cha afya. Wenye watoto wadogo wawatazame macho na mataya. Na yule ambaye, wakati nikizungumza, amekumbuka kitu alichokiona mwilini mwake na kukinyamazia, naomba asingoje kiume. Aende wiki hii.